Kalombo Hajapatikana

Mignonne Kabemba alikwenda kwenye kilio cha Kalombo mara mbili kabla ya kufanya lile kosa lake, na mara zote mbili alilia machozi ya kweli. Hilo lisemwe kwanza, maana baadaye watu wa Avenue ya Mapapai walisema alikuja kupiga picha tu.

Kalombo alikuwa kitinda mimba wa Mama Ndaya, kijana mwenye kucheka hovyo, aliyechimba madini kwa mikono kama vijana wengi wa Musonoi, pembeni mwa Kolwezi. Shimo lake lilianzia nyuma ya choo cha jirani, likaenda chini kwa chini kuelekea uzio wa kampuni ya shaba. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu pale watu walilala juu na wengine wakachimba chini ya vitanda vyao. Asubuhi moja, watoto wakiwa njiani kwenda shuleni, ardhi ilitoa mlio mzito kama mtu mnene anayekaa chini kwa kuchoka, na ua wa jirani ukaingia ndani. Kisimba, mwenzake Kalombo, alitoka akikohoa, nyusi zimegeuka nyeupe. Kalombo hakutoka.

Mchana kampuni ikaleta tingatinga. Mama Ndaya akapiga magoti kumshukuru Mungu, akidhani wamekuja kumtoa mwanawe. Tingatinga likasukuma udongo, likajaza shimo, likapita juu yake likishindilia, likienda na kurudi. Walisema ni kwa ajili ya usalama.

Basi mama akajifunga kitambaa kichwani, akatandika mkeka mbele ya nyumba yake, akakaa. Wanawake wakaja wakakaa naye. Wanaume wakafunga turubai la buluu, wakawasha moto, wakalaza matawi ya michikichi barabarani, ili mwenye gari ajue kuna msiba na apite polepole. Kilio kikaanza kama vilio vyote. Tofauti yake ni kwamba hakikuwa na namna ya kuisha. Kilio kinaondolewa baada ya kuzika, na hapa hakuna aliyekuwa amezikwa. Chef, mkubwa wa avenue, alipokuja kuuliza kitaisha lini, Mama Ndaya alimjibu bila kumtazama:

"Banitolee mutoto wangu. Nikisha kumuzika, nitasimama."

Sasa, nyumba za avenue ile zilikuwa zimepigwa misalaba ya rangi nyekundu tangu zamani. Kampuni ilitaka ardhi iliyo chini yake, na watu walikuwa wahamishwe kwenda porini, upande wa njia ya Nzilo. Siku ya kuvunja ilipofika, tingatinga lilikuja na jeep ya polisi nyuma yake, likafika kwenye yale matawi ya michikichi, likasimama. Dereva, Tata Mukendi, alizima mashine, akavua kofia yake ya plastiki, akashuka.

"Mukendi!" mkubwa wake akapiga kelele kutoka barabarani. "Panda mu mashine!"

"Chef, hapa kuko kilio."

"Naona. Sasa njo nini?"

"Ni hivi: mi nilizaliwa na mama. Nyumba ya kilio haibomolewake. Weye kama unaweza, panda, funguo iko pale pale."

Akaenda kumpa Mama Ndaya pole kwa mikono miwili, akakaa kwenye benchi, akapewa chai. Polisi wakacheka kidogo, kisha nao wakavua kofia mmoja mmoja, kwa sababu wanawake walikuwa wamepandisha wimbo, na si rahisi mtu kubaki na kofia kichwani wimbo ule ukiimbwa. Komanda wao akasema watarudi kilio kikiisha. Tingatinga likarudi lilikotoka.

Kuanzia hapo avenue nzima ilielewa. Kitu pekee kilichozuia nyumba zao zisianguke kilikuwa mama mmoja aliyekaa kwenye mkeka. Watu wakaanza kulia kwa bidii. Fidélie, aliyekuwa hajamsalimia Mama Ndaya tangu ugomvi wao wa bomba la maji, alifika na mzigo wa kuni kichwani.

"Weye Fidélie," wanawake wakamchokoza, "unalia Kalombo ao unalia manjanja, bati ya nyumba yako?"

"Nalia byote, bamama. Machozi yangu iko moya tu, sitaigawanya."

Hata Mama Ndaya alitabasamu siku ile. Mignonne alikuwepo akaona tabasamu lenyewe, la mtu anayejua kwamba msiba wake umegeuka nguzo ya nyumba za wengine, na amekubali.

Kazi ya Mignonne ilikuwa kuongoza watu wa site katika shirika kubwa la kutetea haki za watu, lenye makao yake Ulaya na bureau, ofisi ndogo, Kolwezi, ghorofani, juu ya duka la dawa. Site, yaani tovuti, ni kama ubao wa matangazo wa parokia, ila ubao huu uko ndani ya simu, na anayesimama mbele yake anaweza kuwa mtu wa Manika, hapo hapo mjini, au mtu wa nchi yenye theluji. Mignonne hakuwa mgeni. Baba yake alikuwa karani wa mgodi enzi mgodi ulipolisha watu, na yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi. Chini yake walikuwa wawili. Stany alipiga picha na kuandika. Bilkisi, binti wa wafanyabiashara waliotoka Maniema, alirekodi sauti za watu na kuzigeuza Kifaransa. Walimwita yaya Mignonne, na aliwatunza kama dada mkubwa anavyotunza, yaani kwa kuwagombeza.

"Stany, picha yako iko nzito sawa gunia ya makaa. Nani atafungua hii mu simu yake?"

"Yaya, uzuri njo uko na kilo."

"Punguza kilo. Bilkisi, na weye sauti ya yule muzee iko wapi? Nasikia kuku tu."

"Kuku njo alikuwa karibu na micro, yaya. Muzee alikuwa mbali."

Ndivyo walivyofanya kazi, kwa kutaniana, umeme ukikatika, jenereta ya chini ikiwatikisia sakafu. Walipenda kazi yao. Waliamini kwamba jambo likishaandikwa mahali watu wanapoliona, haliwezi tena kufanywa kana kwamba halikufanyika.

Avocat, wakili wa shirika, alikuwa ameomba mahakama ya tribunal iamuru shimo lifunguliwe na Kalombo atolewe. Jaji hakuwa amejibu. Avocat akamwambia Mignonne kwamba ukurasa wa Kalombo ukitoka upesi, ukasomwa mbali, jaji ataona aibu kukaa kimya. Basi wakauandaa. Stany alileta picha ya Kalombo akicheka, na picha ya shimo lililoshindiliwa, alama za minyororo ya tingatinga zikionekana juu yake kama ngozi ya mamba. Bilkisi alileta sauti ya Kisimba, aliyekuwa amejificha kwa wajomba zake kwa kuogopa polisi. Kisimba alisema: "Aliniita mara moya. Nikamwitika. Nyuma ya pale hakuita tena."

Kilichobaki kilikuwa neno moja.

Kwenye site, kila mtu aliyeandikwa alipewa neno pembeni ya jina lake. Aliyefungwa alikuwa na neno lake, aliyekimbia lake. Aliyekufa aliandikwa "Amekufa", na yule ambaye hakuna ajuaye alipo aliandikwa "Hajapatikana". Bila neno, ukurasa ulikataa kutoka. Na neno "Amekufa" lilikuwa na masharti: karatasi ya hospitali, au watu wawili walioona maiti kwa macho yao. Sheria hiyo ilitoka siège, makao makuu kule Ulaya, kwa sababu katika nchi nyingine shirika liliwahi kumwandika mtu marehemu, na marehemu akawapigia simu.

"Hospitali hakuna," Mignonne alisema. "Maiti hakuna mutu aliyeiona."

"Kisimba alikuwa naye," Bilkisi akasema.

"Kisimba alisikia. Kusikia haiko kuona."

"Sasa, yaya, udongo inamupanda juu, mashine inapita juu ya udongo, na sisi tunaandika hajapatikana? Atapatikana wapi, ku soko?"

"Tutume mutu mu shimo," Stany akasema, "aende kumwona vizuri, arudie atusainie."

 Mignonne akawapigia siège kwa video, kama ilivyotakiwa. Madame wa siège alisikiliza, mkono shavuni. Alisema anaelewa kabisa, alisema moyo wake uko na mama yule, alisema sheria ni sheria kwa sababu inawalinda wote, na neno litabadilishwa siku karatasi itakapopatikana. Alisema kwa huruma, na huruma yake ilikatikakatika kwa sababu ya réseau, mtandao mbaya, mpaka uso wake ukaganda kwenye kioo, mdomo wazi.

Mignonne angeweza kubishana. Alikuwa amebishana nao siku nyingine kwa mambo madogo kuliko hilo, hata kwa rangi ya herufi. Siku ile alimfikiria jaji, akafikiria muda unavyokwenda, akajiambia kwamba neno lile si uongo: kweli Kalombo hajapatikana. Alifikiria wasomaji wa mbali, wale wa nchi yenye theluji, ambao kwao maneno yale mawili yana umbali mdogo tu. Hakukumbuka kwamba msomaji wa kwanza angekuwa kampuni yenyewe, hapo ng'ambo ya uzio. Mgeni angesamehewa kosa hilo. Yeye alijua tangu utoto kilio kinakaliwa kwa ajili ya nani. Hakuna anayemkalia kilio mtu ambaye hajapatikana. Mtu huyo anangojewa.

Akaandika "Hajapatikana". Akabonyeza.

Ukurasa ulipokelewa vizuri. Watu wa Ulaya waliandika maneno ya huzuni chini yake. Madame wa siège alituma pongezi kwa timu nzima, na Stany alizisoma kwa sauti ya padri, akiwa amesimama juu ya kiti, hata Bilkisi akacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yao ya mwisho pamoja katika bureau ile, na hawakujua.

Ilikuwa Jumamosi, Mignonne akiwa peke yake kazini, Bilkisi alipopiga simu kutoka Musonoi. Alikuwa amepeleka sukari kwenye kilio. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza kanisani.

"Yaya, banakuya. Mashine na polisi. Na mwanasheria wa kampuni eko na karatasi mu mukono. Ni page yetu. Baliiprinter na rangi na byote."

"Wanasema nini?"

"Banasema hakuna kilio hapa. Banasema shirika ya haki njo inasema mutu hakukufa."

Mignonne alikata simu. Alipiga siège. Simu ililia, ikalia, ikajibiwa na sauti ya mashine kwamba bureau imefungwa mpaka Jumatatu. Alijaribu simu ya Madame mwenyewe, nayo ilikuwa imezimwa. Alikaa mbele ya kompyuta. Ufunguo wa site alikuwa nao, maana ndiye mkubwa wa timu. Kubadili neno bila ruhusa ya siège lilikuwa jambo la kufukuzwa. Alilibadili. Alikosea kuandika ufunguo mara mbili. Pembeni ya jina la Kalombo pakaandikwa: "Amekufa". Akachukua simu yake, akashuka ngazi akikimbia, akapanda moto, pikipiki ya kwanza aliyoiona.

"Musonoi, tata, mbio. Mbio sana."

"Mama, barabara yenyewe unaiona iko namna gani."

"Mbio hivyo hivyo."

Alipofika, tingatinga lilikuwa limesimama mbele ya matawi ya michikichi kama safari ile, na Tata Mukendi alikuwa ameshuka kama safari ile. Lakini hakuwa amevua kofia. Alikuwa na ile karatasi mkononi, akiisoma akisogeza midomo. Wanawake walikuwa wamekaa wote, wamesongana kuzunguka mkeka, wameshikana mikono. Mama Ndaya katikati. Mwanasheria wa kampuni, kijana mwenye viatu safi, alikuwa akisema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha.

"Mama, hatumchukii mtu. Sisi tunaheshimu kilio. Lakini kilio ni ya mufu. Hawa wenyewe, wanaowatetea ninyi, wameandika mtoto wako hajapatikana. Basi atafutwe. Polisi itamtafuta. Unalilia nini kabla hajatafutwa?"

"Eko pale," Mama Ndaya akasema, akionyesha kwa kidevu. "Musimutafute mbali. Eko pale."

Mignonne alipenya katikati ya watu. Alisema kwa nguvu, pumzi zimekatika: "Mi njo mukubwa wa site! Ile karatasi ni ya zamani! Mufungue simu, muangalie, tulirekebisha. Imeandikwa alikufa!"

Komanda wa polisi alichukua simu aliyonyooshewa, akaangalia. Alikuwa mtu mzima, si mkali. Akaangalia karatasi. Akaangalia simu tena.

"Madame," akasema, "asubuhi huyu mutu alikuwa hajapatikana. Sasa alikufa. Alikufa saa ngapi? Weye ukiwa ku moto?"

Polisi mmoja akacheka. Mwanasheria hakucheka, akasema tu kwamba kitu kinachobadilishwa kwa kidole barabarani si ushahidi, na alipiga picha ya simu ile, aonyeshe jaji namna shirika linavyofanya kazi.

Hapo ndipo Tata Mukendi alipomwendea Mignonne. Alimwendea karibu, kama mtu anayetaka kusema siri.

"Mama, mi sijasoma sana. Uniambie weye. Hii karatasi, muliandika ninyi?"

"Tata, unisikilize, ilikuwa juu ya sheria ya..."

"Nakuuliza hivi tu. Ni ninyi?"

Watu wote walimtazama. Bilkisi alimtazama. 

"Ni sisi."

Tata Mukendi akatikisa kichwa polepole. "Siku ile nilikatala, balinikata kazi majuma yote ile. Batoto banakula kwa jirani. Nilisema hapana neno, ni kilio, Mungu anaona." Akakunja karatasi, akamrudishia mwanasheria kwa adabu.  Akapanda mashine yake.

Alianza na nyumba za mwisho wa avenue, labda kwa kumwonea mama haya, ili ya kwake iwe ya mwisho. Ukuta wa kwanza ulipolala, wanawake wenyewe waliachana mikono, kila mmoja akakimbilia chungu chake, godoro lake, mtoto wake. Hakuna wa kuwalaumu. Fidélie alipanda juu ya nyumba yake mwenyewe akawa anang'oa bati kwa kucha, akilia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyemuuliza analilia nini. Mama Ndaya alibaki peke yake kwenye mkeka. Mwishowe polisi wawili walimshika mabega, wala si kwa fujo, wakamsimamisha. Alikuwa mwepesi. Alisimama bila kuzika, kitu alichosema hatafanya.

Stany alikuwa amekuja na kamera yake. Aliinua, akashusha, akaifunga kwenye mfuko. Mignonne akamwambia, kwa mazoea ya kazi zaidi ya kitu kingine: "Stany, piga. Lazima ionekane."

"Ionekane na nani, yaya? Bale banaonaka njo balikuja na mashine."

Jumatatu siège walijibu. Barua ya kwanza ilikuwa ya masikitiko kwa yaliyowapata watu wa Avenue ya Mapapai, na iliomba picha. Ya pili ilikuwa ya Mignonne peke yake: alikuwa amebadili neno bila ruhusa, jambo hilo ni zito, lingezungumzwa. Stany hakurudi kazini. Alituma ufunguo wa kabati kwa mdogo wake. Bilkisi alirudi, akakaa mahali pake, akafanya kila alichoambiwa. Ila alikuwa akimwita Madame. "Ndiyo, Madame." "Sauti iko tayari, Madame." Mignonne alingoja siku atakapokosea amwite yaya. Bilkisi hakukosea.

Jaji naye hakusema kitu. Avocat alipokwenda kuuliza, alionyeshwa picha ya simu barabarani, akaambiwa afikirie kama anataka kuendelea. Mignonne alimwomba aendelee. Avocat alimwambia ataendelea, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa.

Ilimchukua majuma kupata moyo wa kwenda njia ya Nzilo. Mahali walipotupwa watu wale palikuwa uwanda wa majani makavu na vichuguu virefu kuliko nyumba, maana nyumba zenyewe zilikuwa vipande vya bati vilivyoegemezwa. Maji yalikuwa mbali. Kazi hakukuwa. Alijiandaa kumkuta Mama Ndaya mkekani, na alikuwa amebeba kitenge cha kumfariji, na maneno ya kuomba msamaha aliyoyarudia njiani kote mpaka yakachakaa.

Alimkuta amesimama mbele ya bati lake, anachambua mboga za lengalenga kwenye sinia. Kitambaa cha msiba hakikuwepo kichwani. Alikuwa amesuka nywele. Alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya machungwa, cha sikukuu.

"Karibu, mama wa site," akasema. "Kaa pale ku bidon." Akamwonyesha dumu tupu.

Fidélie, aliyekuwa jirani yake tena hata huku, alikuja akasimama pembeni, amefunga mikono kifuani.

Mignonne alianza maneno yake. Mama Ndaya alimwacha aseme kidogo, akamkatiza.

"Batu balinisomea mu simu. Banasema ulibadirisha. Uliandika Kalombo alikufa."

"Ndiyo, mama. Ilikuwa niandike hivyo tangu mwanzo. Njo kosa yangu. Nilirekebisha, na hata wakinifukuza, itabaki hivyo."

"Rudisha."

Mignonne alidhani hakusikia vizuri.

"Rudisha vile uliandika kwanza," Mama Ndaya akasema, vidole vikiendelea kwenye majani. "Kisimba alipita pale. Pale kwenye nyumba yangu ilikuwa, sasa banamwanga mawe ya carrière, mawe ya mugodi. Lori nyuma ya lori. Iko kilima. Kama Kalombo alikufa, eko chini ya kile kilima, na mi nilisimama nikamwacha. Kama hajapatikana, alienda mbali, ku Kisenge. Eko anachimba manganèse na bijana benzake. Unamujua, kichwa yake nguvu, kupiga simu hapana."

"Mama, lakini weye unajua..."

"Najua. Nani anajua kunipita mimi? Nilimubeba. Sikukuuliza kama najua, mama. Nilikuambia rudisha."

Mignonne alimtazama Fidélie, na Fidélie akatazama chini. Hakukuwa na mtu wa kuuliza. Kama angekataa, angekuwa amemnyima mama yule kitu cha pili kwa mkono ule ule. Kama angekubali, angeandika kwa macho wazi kitu anachojua si kweli, na lile jambo la asubuhi ile, mlio wa ardhi, tingatinga likienda na kurudi, lingebaki halikufanyika popote, hata kwenye ubao wao.  Mama Ndaya hakumharakisha. Alimaliza fungu moja la lengalenga, akachukua lingine.

Pale chini réseau haikufika. Fidélie akamwonyesha kichuguu ambacho watu walipanda kupiga simu, kimechongwa ngazi kwa jembe. Mignonne alipanda na viatu vya mjini, akishika majani. Juu upepo ulikuwa mwingi. Alifungua site, akaenda kwa Kalombo, akakuta anacheka kama kawaida yake. Akafuta neno moja, akaweka lingine. Safari hii hakukosea hata mara moja.

Hakuwa ameshuka bado, simu ikalia kidogo. Siège walikuwa wameona. Madame aliandika kwamba anamshukuru Mignonne kwa kurekebisha, kwamba sasa ukurasa unafuata sheria, na kwamba kwa upande wake lile jambo limekwisha.

Mignonne alirudi kwenye bati. Mama Ndaya alifuta mikono kwenye kitenge.

"Soma."

"Kalombo," Mignonne akasoma. "Hajapatikana."

"Aksanti, mama."

Nyuma yao Fidélie alishindwa kujizuia. Kilio kilimtoka chote, kile cha kweli, mikono kichwani, akipiga miguu chini. Mama Ndaya alimgeukia kwa hasira ambayo hakuwa ameionyesha hata kwa polisi.

"Nyamaza, weye! Batu habamulilie mutu eko muzima. Utamuletea mutoto wangu mukosi."

Na Fidélie akanyamaza.